Mlinzi Aliyetoka Nyuma

Riwaya ya taharuki inayohusu safari ya wakati huvunjikia mahali pamoja. Msomaji akishajua kwamba shujaa anaweza kurudi jana na kulirekebisha lililoharibika, hofu inamtoka. Mtu akifa, si atafufuliwa sura ijayo? Mwandishi Mmarekani Dean Koontz alipambana na tatizo hilo katika Lightning, riwaya yake ya mwaka 1988, na mbinu alizotumia zinafaa kuchunguzwa na yeyote wa Lodwar au Kakuma anayetamani kuandika riwaya ya namna hiyo kando ya Ziwa Turkana. Itanibidi nitoboe siri ya kitabu, maana bila siri hiyo hakuna cha kuchambua.

Laura Shane anazaliwa Denver, Januari 1955, usiku wa dhoruba ya theluji. Daktari anayengojewa amelewa. Mgeni asiyejulikana anamzuia asitoke nyumbani kwake, na mtoto anapokelewa na mikono salama. Laura akiwa na miaka minane, mgeni yuleyule anatokea dukani kwa baba yake jambazi alipovamia. Mwaka 1988 anatokea tena, kwenye barabara ya milimani. Kila akija radi hutangulia. Na hazeeki.

Ufundi wa Koontz umekaa hapo. Hatudanganyi hata mara moja. Anatuwekea radi, anatuwekea uso usiobadilika kwa miaka zaidi ya 30, kisha anatuachia tukisie. Nasi hukisia vibaya, kwa sababu hadithi nyingi zimetuzoesha kudhani kwamba mwenye mashine ya wakati ametoka siku zijazo, kwa watu waliotuzidi maarifa. Riwaya ikiwa imeshika kasi ndipo tunapojua kwamba mgeni huyo, Stefan Krieger, ametoka Ujerumani ya Hitler, mwaka 1944. Mlinzi ametoka nyuma. Mwandishi aliificha siri ndani ya mazoea yetu, na ukirudia kurasa za mwanzo unaona vidokezo vyote vilikuwa wazi.

Nguzo ya pili ni makatazo. Mashine ya Stefan humpeleka mbele tu, kisha humrudisha alikotoka. Yaliyotangulia siku zake hawezi kuyagusa. Wala hawezi kufika saa na mahali ambapo tayari alikwishafika. Kwa hiyo kila safari aliyoifanya imefunga mlango nyuma yake. Mume wa Laura anapouawa, kifo hicho hakirudishwi, na msomaji anakijua hivyo. Hofu imerudi mahali pake.

Juu ya makatazo hayo Koontz anaongeza majaliwa yenye ukaidi: lililozuiwa huku hutafuta njia kule. Laura anaokolewa, lakini msiba humfuata kwa mlango mwingine, hata kwa watu anaowapenda. Sifa zangu zina mpaka lakini. Maelezo ya sheria za safari yanageuka somo refu, na kwa nini Stefan amchague mwanamke huyu mmoja kati ya mamilioni walioumia karne ile, jibu ni mapenzi. Linamtosha Stefan. Mimi halinitoshi.

Katika Kiswahili, Said Ahmed Mohamed alishatuonyesha mlinzi wa aina nyingine. Babu katika Babu Alipofufuka (2001) anatoka kaburini kumkabili mjukuu wake K, mkubwa aliyelewa madaraka. Hajamjia kumkinga na risasi. Anamjia kwa ajili ya dhamiri yake, na hofu yote inatokana na kutojua kama K ataweza kuona.

Masimulizi ya Waturkana yanampa mwandishi muundo wa tatu, nao ndio ninaouona tajiri zaidi. Emuron, mwonaji, huoteshwa yatakayokuja na huyasoma katika matumbo ya mbuzi. Kisha hutoa sharti: achinjwe mnyama wa rangi fulani, na hatari itapita. Kwa Koontz gharama ya kuokolewa hudaiwa baadaye, kwa kushtukiza. Kwa emuron hutajwa mapema, na taharuki inahamia kwenye swali jingine: je, watu watatimiza sharti kama lilivyotolewa? Mwandishi akilishika swali hilo hahitaji mashine.

Mkubwa wa waonaji hao ni Lokerio wa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba aliyapiga maji ya ziwa kwa fimbo yake, yakagawanyika, vijana wakavuka kwa miguu hadi ng'ambo na kurudi na ngamia. Sisemi haya yawekwe kwenye riwaya kama pambo. Nasema yana kila kiungo: mlinzi, mwujiza wenye mipaka, na faida inayobaki hadi leo katika mazizi.

Na Eliye Springs, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, penye mikoma na chemchemi za maji matamu kando ya ziwa la magadi, tayari ina msafiri wake. Miaka ya 1980 liliokotwa hapo fuvu la binadamu wa kale, linalotambuliwa kwa namba KNM-ES 11693. Günter Bräuer na Richard Leakey walilieleza mwaka 1986. Halikukutwa ndani ya tabaka lake la udongo, kwa hiyo umri wake unakisiwa kwa kulinganisha umbo lake na mafuvu mengine. Hutajwa miaka kati ya 200,000 na 300,000. Huyu amefika bila tarehe, kama Stefan kabla siri yake haijatoka. Mgeni wa riwaya itakayowekwa Eliye anaweza kujengwa juu ya shaka hiyohiyo, wanakijiji wakimdhania mtu wa kesho kwa sababu tu hakuna anayemfahamu.

Ningemshauri mwandishi huyo asianzie upande wa Lokerio. Aanzie ng'ambo, mashariki, kwa mtoto wa mwenye ngamia, asubuhi ile maji yalipofunguka na watu wakatokea mahali ambapo jana palikuwa na kina. Mlinzi wa wengine amewasili. Sheria ya mwujiza inabaki ileile, lakini kwa mtoto huyu gharama haikutajwa mapema, na kijijini kwao nako yupo mwonaji ambaye usiku uliopita hakuota lolote.