Fujo Iliyofundishwa: Mkusanyo wa Captain Beefheart

Kuna watu husema kwamba mwanamuziki akivunja desturi ni juu ya kutozijua. Sisi tunaona kinyume, na ushahidi wetu ni mkusanyo wa CD mbili, The Dust Blows Forward, uliotoka Marekani mwaka 1999. Mna kazi za Don Van Vliet, aliyejiita Captain Beefheart (1941–2010), tangu 1966 hadi 1982, mwaka wa sahani yake ya mwisho. Kisha aliacha muziki, akashika uchoraji.

Mkusanyo unafunguliwa na Diddy Wah Diddy, wimbo wa Bo Diddley, mwana wa Mississippi. Hapo ile sauti nzito inafuata nyayo za Howlin' Wolf waziwazi: ni blues tupu, muziki wa Weusi wa Marekani. Tukiendelea, magitaa yanaachana, ngoma zinakwenda njia yao, sauti nayo yake. Lakini mzizi hauondoki. Ndiyo faida ya mkusanyo: mtu anasikia tawi likitoka kwenye shina.

Upungufu uko kwenye Trout Mask Replica ya 1969. Sahani ile, iliyosimamiwa na Frank Zappa, ina nyimbo 28, na nguvu yake ni kumrundikia msikilizaji mpaka masikio yazoee. Ukichuma chache tu, zinabaki sawa vichekesho. Anayeanza na mkusanyo huu asiishie hapo.

Tena kuna neno kubwa zaidi. Wengi walidhani fujo ile ni ya kubahatisha. Hapana! Bendi ilijifungia nyumbani miezi mingi ikirudia kila kipande, kwa njaa na chini ya ukali wa mkubwa wao, kama wanamuziki wenyewe walivyosimulia baadaye. Van Vliet hakujua kuandika noti. Alipiga piano kwa kutafuta-tafuta, naye mpiga ngoma John French ndiye aliyeandika na kuwafundisha wenzake. Kumbe ganda la 1969 halikumtaja French hata kidogo.

Kwa hiyo tukisifu mkusanyo huu, tusisifu jina la kapteni peke yake. Na sisi tunaokusanya nyimbo za wazee tushike fundisho: aliyebuni aandikwe, na aliyefundisha aandikwe vilevile. Anayeacha jina la mwenzake ameiba nusu ya wimbo.