Hesabu ya Watoto wa Mbwa Mwitu

Mwaka 1991 George R. R. Martin alikuwa akiandika riwaya nyingine kabisa, mara likamjia tukio moja: watu wanakuta watoto wa mbwa mwitu kwenye theluji ya kiangazi. Akaliandika papo hapo, na kazi ya awali ikakaa kando. Tukio hilo likawa sura ya kwanza, baada ya utangulizi, ya *A Game of Thrones*, kitabu kilichotoka mwaka 1996 na kufungua hadithi ndefu ya koo zinazouana kwa ajili ya kiti cha enzi. Wengi wameijua hadithi hiyo kwenye televisheni. Mimi bado narudi kwenye sura hii, na kila nikirudi naukuta ufundi ulionipita.

Tunaona yote kwa macho ya Bran, mtoto wa miaka saba, anayepelekwa kwa mara ya kwanza kushuhudia baba yake, Eddard Stark, akimkata kichwa askari mtoro. Njiani kurudi, kaka zake wawili wanabishana. Robb anasema marehemu alikufa kishujaa. Jon anasema hapana, yule alikuwa amekwisha kwa hofu, ilionekana machoni. Martin hasemi nani mkweli. Lakini sisi tumetoka kusoma utangulizi, tunajua mtoro yule alikimbia nini huko msituni, na moyo unatushtuka: Jon ameona sawa, na baba mtu amemuua mtu aliyebeba habari ya maangamizi yao wote.

Kisha wanamkuta mbwa mwitu jike, mkubwa kupita kiasi, amekufa, kipande cha pembe ya ayala kimemkwama kooni. Watu wazima wananyamaza, wanatazamana. Mtoto haelewi kwa nini, naye mwandishi anaheshimu kutoelewa kwake. Mbwa mwitu ni nembo ya ukoo wa Stark. Ayala ni nembo ya mfalme, ambaye sura inayofuata inatuambia yuko njiani kuja kwao. Fundi mwenye papara angetufafanulia hapohapo.

Lakini kilichonishika zaidi ni hesabu. Watoto wa mnyama yule wako hai, na watu wanataka kuwaua. Jon anamgeukia baba yake na kumwita kwa cheo, kama mtu baki. Anamwambia wako watano, madume watatu na majike wawili, nawe bwana una watoto watano wa ndoa, wavulana watatu na wasichana wawili; hawa ni wao. Baba analainika. Bran, pamoja na udogo wake, anang'amua kwamba hesabu ile imetimia kwa sababu Jon amejitoa mwenyewe. Amewahesabu dada zake, amemhesabu hata kitinda mimba, ila yeye, mtoto wa nje, hakujitia.

Kwangu mimi, hapa ndipo riwaya nzima ilipozaliwa. Vita vyote vinavyofuata vinauliza swali hilohilo: nani wa ukoo huu na nani si wake, nani arithi na nani asimame mlangoni. Martin hakuhitaji mahakama wala mzee wa kusimulia nasaba. Alihitaji kijana mmoja ahesabu hadi tano na kunyamaza.

Wanapoondoka, Jon anasimamisha farasi darajani. Amesikia kitu ambacho wenzake hawakukisikia. Anarudi, anamkuta wa sita: mweupe, macho mekundu, alikuwa ametengana na wenzake.

Ukikipata kitabu, usiikimbilie sura hii ili ufike kwenye mapanga. Isome taratibu, kisha rudi uwaangalie tena wale watoto sita. Watano walikuwa bado hawajafumbua macho. Mweupe peke yake alikuwa anaona.