Nakshi ya Kutisha Juu ya Bastola

Si desturi ya kurasa hizi kuhakiki silaha. Hata hivyo, chombo kilichotiwa nakshi ni kazi ya sanaa, na kazi ya sanaa haina budi kukubali kupimwa. Picha iliyotufikia hapa Kabingo ni ya bastola ya Colt, aina ya Detective Special, iliyonakshiwa na fundi Mmarekani Leonard Francolini. Imepata kuonyeshwa katika makumbusho ya silaha ya Chama cha Taifa cha Bunduki huko Fairfax, Virginia. Kisanduku chake kina umbo la jeneza; risasi zake ni za fedha, nazo zimechongwa vichwa vya wanyonya damu.

Ufundi wake hatuubishi. Kuchonga uso juu ya kitu kisichozidi ncha ya kidole kwataka mkono uliotulia.

Kasoro imo katika maana. Asili ya mambo haya ni riwaya ya Dracula, aliyoichapisha Bram Stoker mwaka 1897. Humo mhusika mmoja ampiga risasi popo mkubwa dirishani, asimpate, akaishia kuvunja kioo. Zimwi lenyewe huuawa kwa visu. Ni kweli kwamba Profesa Van Helsing ataja risasi iliyobarikiwa ipigwayo jenezani, na labda fundi alilikumbuka hilo. Lakini fedha yatoka katika ngano nyingine, za watu wageukao mbwa mwitu. Basi fundi amekusanya vitisho kutoka huku na huku bila kuuliza kila kimoja chafanya kazi gani.

Tena tutazame neno lenyewe. Risasi, kwa asili ya Kiarabu, ni jina la madini, yale mazito ya kijivu. Mwanafunzi makini atauliza: yawezekanaje risasi ikawa ya fedha? Na fedha kwetu ni madini na ni sarafu pia. Kwa chombo kilichotengenezwa ili matajiri wakikusanye, lugha yetu imesema kweli kuliko ilivyokusudia!

Na mnyonya damu tumwite nani? Wengi watajibu mumiani. Lakini mumiani wa masimulizi ya Afrika Mashariki, au wazimamoto kama walivyoitwa pia hapa Uganda zama za ukoloni, hakuwa bwana wa ngome mwenye joho. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye gari na amri ya serikali nyuma yake. Katika siasa ya Ujamaa kitenzi hicho hicho kikazaa mnyonyaji. Hofu zetu zilimwelekea mwenye madaraka. Hofu ya Francolini yamwelekea mgeni wa usiku, na bastola ndiyo mwokozi.

Hapo ndipo tusipokubaliana naye kabisa. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa, na wengi walikisikia kwanza kutoka kwa mwenye bunduki. Mbarara, iliyotekwa mwezi Februari 1979 katika vita vya kumwondoa, iliharibiwa vibaya. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini mwalimu wa Uganda angali akutana na mzazi anayekihusisha na kambi ya jeshi. Nakivale nayo imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na waliotoka Kongo na Burundi hawahitaji popo wa kuchongwa ili waiogope bastola.

Kwa hiyo picha hiyo tuliikata kabla ya kuipeleka darasani. Tulibakiza kisanduku, tukawaomba wanafunzi wakieleze: umbo, mbao, bawaba, kifuniko. Mmoja aliuliza ndani mna nini. Tulimwambia aandike anachokidhania, naye akaandika kwamba mna vyeti vya shule.