Mkono wa Saisi

Wanaonijua hapa Mlolongo wanajua pia kwamba kwenye suala la farasi sisemezeki. Nashikilia kwamba ushindi wa Jumapili hutengenezwa bandani, usiku na alfajiri za wiki nzima, na mtu ambaye jina lake halitajwi kwenye vipaza sauti. Mkufunzi huupanga. Mwenye farasi huulipia na kupigwa picha nao. Joki huja kuumalizia. Anayeujenga ni saisi, yule aliyevaa gambuti, anayetembea kwa miguu kando ya kichwa cha farasi, kamba mkononi. Ukifika uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, usimtazame kwanza aliyepanda. Mtazame anayeongoza.

Kazi yake huanza kabla ya jua. Kabla hajamgusa farasi, saisi mzuri huchungulia ndani ya hori. Chakula kikibaki, kuna neno. Farasi hana namna ya kusema tumbo linamuuma; huacha shayiri, basi. Kisha saisi hutazama sakafu: kinyesi kikoje, na je, majani ya kulalia yamevurugwa kama ya mnyama aliyegaagaa usiku kwa maumivu? Hutazama mbavu zikipanda na kushuka. Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, na saisi hahitaji saa kujua kwamba leo pumzi zimezidi.

Kisha miguu. Huchuchumaa, akaupitisha mkono nyuma ya muundi wa mbele, kutoka gotini kwenda chini hadi kwenye kifundo, polepole, kiganja chote kikigusa. Halafu mguu wa pili. Halafu anarudia wa kwanza. Anatafuta joto. Ukano uliovutika jana mazoezini huanza kupata moto, ndipo uvimbe, na kuchechemea huja mwisho. Kuna saa chache kati ya joto na uvimbe, na katika saa hizo shahidi ni kiganja peke yake. Nilimuuliza saisi mmoja anajuaje, maana nami niliruhusiwa kugusa na sikuhisi chochote. "Mzee," akaniambia, "huyu mguu wake wa kulia huwa na joto kidogo kila asubuhi, ndivyo alivyo. Ukiwa wa kushoto, naita daktari."

Jibu hilo limenikaa. Daktari wa mifugo anajua miguu ya farasi wote. Saisi anaujua mguu huu mmoja, jana ulikuwaje, juzi, na mwezi uliopita baada ya mvua. Na si jambo dogo. Farasi wa mbio ana kilo 450 hadi 500, na akienda shoti hufikia kama kilomita 60 kwa saa. Katika kila hatua ya shoti kuna nukta ambapo uzito wote huo, na joki juu yake, huangukia mguu mmoja tu. Ukano ulioanza kuchoka ukikutana na nukta hiyo, mbio zimekwisha, na pengine maisha ya mnyama pia. Kwa hiyo saisi anaposema, "Huyu leo asikimbie," nataka mkufunzi asikilize, hata kama mwenye farasi ameshaalika wageni.

Chakula nacho kina elimu yake. Farasi ni mkubwa lakini tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, na hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia. Ukimlisha kwa pupa, au ukimpa nafaka nyingi mara moja baada ya kazi nzito, msokoto wa tumbo unaweza kumuua kabla ya asubuhi. Ndiyo maana hulishwa kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, na anayetoka kukimbia hutembezwa kwanza hadi jasho likauke na moyo urudi mahali pake. Huko kutembezwa watu wengi hudhani ni kupoteza muda. Mimi ningeweza kusimama kwenye ua wa mbao nikatazama nusu siku: mtu na mnyama wakizunguka, mtu akipunguza hatua, mnyama naye akipunguza, hakuna aliyemvuta mwenzake.

Watu wa kaunti yetu ya Machakos wana haki ya kujua kwamba mchezo huu ulipita kwao mwanzo. Chama cha kwanza cha mbio za farasi katika Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1903, na mbio zenyewe zikaanza Machakos mwaka 1904. Machakos wakati huo ilikuwa imeshanyang'anywa makao makuu. Reli ilipita kando, na mwaka 1899 utawala ukahamia Nairobi. Mbio nazo zikaifuata reli, zikakaa Kariokor kwa miongo kadhaa, na mwaka 1954 zikahamia pale zilipo sasa, kando ya Barabara ya Ngong.

Mchezo uliletwa na walowezi kwa ajili ya starehe yao, na hilo nalisema bila kulipunguza. Mwafrika aliingia kwa mlango wa banda. Lakini mlango huo ndio uliokuwa na kazi ya maana, kwa sababu nchi hii haikuwa nchi ya farasi. Visubi wa usiku husambaza homa ya farasi, ugonjwa unaoua wengi wa wale unaowapata, huku punda milia wa nyanda hizi za Athi na Kapiti wakiishi nao bila shida kubwa. Ukisimama juu ya daraja la Mlolongo ukatazama upande wa mbuga, unatazama hifadhi ya ugonjwa huo. Leo kuna chanjo. Wakati ule kulikuwa na kumwingiza farasi ndani kabla ya giza, kila siku, bila kusahau hata siku moja, na hiyo ilikuwa kazi ya saisi.

Anayetajwa sana katika historia hiyo ni Beryl Markham, aliyepata leseni ya ukufunzi akiwa bado msichana, na ambaye mwaka 1936 aliruka peke yake kwa ndege kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi Kanada. Mwaka 1926 alishinda St Leger ya Kenya kwa jike aliyeitwa Wise Child, farasi ambaye kano zake zilikuwa mbovu kiasi cha wengi kumkatia tamaa. Habari hiyo imo katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night. Wasomaji hukumbuka ushindi. Mimi hukumbuka kwamba bandani kwake alikuwepo arap Ruta, rafiki yake tangu utotoni kule Njoro, aliyefanya naye kazi ya farasi na baadaye akahama naye hadi kwenye ndege. Jike mwenye kano mbovu hafikishwi siku ya mbio na mtu mmoja. Markham alimaliza maisha yake mwaka 1986, akiishi karibu na uwanja uleule wa Ngong, na anastahili sifa zake zote. Arap Ruta angekuwa na jiwe la ukumbusho pale langoni, kama ningeulizwa mimi.

Wamarekani, katika hili, wametutangulia. Tarehe 9 Juni 1973, Secretariat alishinda mbio za Belmont kule New York kwa urefu wa farasi 31, akitumia dakika 2 na sekunde 24, na muda huo haujavunjwa hadi leo kwa umbali ule kwenye udongo. Saisi wake alikuwa Eddie Sweat, mtu mweusi kutoka South Carolina, aliyezungumza na farasi huyo mchana na usiku. Kentucky kuna sanamu ya Secretariat, joki Ron Turcotte akiwa mgongoni, na mbele, kamba mkononi, amesimama Sweat. Aliyeichonga alielewa kwamba ukimwondoa yule wa chini, picha inakuwa ya uongo.

Nije kwenye mizani, maana sisi wa Mlolongo tumeishi nayo. Malori ya kutoka Mombasa yamepanga foleni hapa miaka na mikaka, na mji umekua juu ya foleni hiyo: vibanda vya chai, magareji, nyumba za kulala wageni. Mizani ya malori kazi yake ni kumnasa aliyezidisha. Mizani ya Ngong ina kazi nyingine, na kwangu ndiyo sehemu ya mchezo yenye hekima zaidi. Katika mbio za kusawazisha uzito, farasi aliyekwisha kuonyesha ubora huongezewa kilo, na aliye dhaifu hupunguziwa. Joki hupimwa pamoja na tandiko lake. Akipungua, huongezewa vipande vya madini ya risasi mpaka kilo zitimie. Mbio zikiisha, walioshinda hurudi kupimwa tena, na kabla mizani haijakubali, hakuna mshindi na hakuna anayelipwa.

Yaani aliyeshinda mara nyingi hubebeshwa zaidi, halafu wote huambiwa kimbieni. Sijauona utaratibu wa haki kama huo penginepo katika maisha yetu. Barabara ya juu ya kulipia inaanzia hapahapa Mlolongo, kilomita 27 hadi Westlands, na tangu ifunguliwe mwaka 2022 mwenye nacho hupita juu kama upepo, asiye nacho akabaki chini na moshi. Shule zetu hali kadhalika: mtoto aliyeanza mbele ndiye anayeongezewa walimu. Watu wa farasi, pamoja na vyeo vyao na kofia zao, wamekubali kwa zaidi ya karne moja kwamba mwenye nguvu abebe zaidi. Ningependa wabunge wetu wote wapelekwe Ngong Jumapili moja waone mizani ile ikifanya kazi.

Na hata hapo saisi hakosekani. Risasi haifanyi kama mwili wa joki, ambao huinuka na kushuka pamoja na mwendo. Yenyewe hukaa tuli, ikilalia mgongo. Mkunjo mmoja wa kitambaa chini ya tandiko huwa kidonda kesho yake. Utamwona saisi, farasi akianza kurukaruka na watu wamejaa kila upande, akilaza kiganja chini ya kile kitambaa na kukinyoosha, huku mkono mwingine haujaachia hatamu, na mdomo wake ukiendelea kumnong'oneza mnyama.

Nina ugomvi na maduka ya kubeti ya mtaani kwetu. Mle ndani kuna farasi wa kwenye skrini, wamechorwa na kompyuta, wanakimbia kila baada ya dakika chache usiku na mchana, na mshindi anatolewa na programu. Vijana wa bodaboda huingia na pesa ya siku nzima, hutoka mikono mitupu, na wakisikia napenda mbio za farasi wanadhani tunapenda kitu kimoja. Hapana. Farasi yule hana hori. Hana mguu wa kushoto wenye joto. Hakuna mtu aliyelala karibu naye akisikiliza pumzi zake, kwa hiyo hakuna cha kusoma wala cha kujifunza, na anayeweka dau pale anaweka dau juu ya ujinga wake mwenyewe. Nami huweka dau nikienda Ngong, dogo, pesa ya chai. Lakini kwanza husimama pale pedoki ambapo farasi huzungushwa kabla ya mbio, na husoma: manyoya yanang'aa kwa afya au kwa maji? Masikio yanacheza au yamelala? Jasho limetoka kati ya mapaja mapema? Kamba kati ya saisi na farasi imelegea, au imekazwa kama ya kuteka maji? Iliyolegea ndiyo hunifanya nitoe pesa. Hapo nimeona wawili wanaoaminiana, na farasi asiyetumia nguvu zake kuogopa atazitumia kukimbia.

Mchezo wenyewe kwa sasa si tajiri. Farasi wanaoshindana Ngong ni wachache kuliko tunavyotaka, na kwa sababu ya ile homa si rahisi kuwapeleka farasi wetu kushindana Ulaya. Wengi wa Mlolongo hawajawahi kufika, wanadhani ni mahali pa Wazungu na matajiri, ilhali mtu hupanda matatu ya 110 hadi mjini, akashika ya 111, akashukia langoni. Nimekwenda na majirani waliosema watakaa mbio moja tu. Mtu akishasikia kwato zikija kwenye mnyoosho wa mwisho, ardhi ikitetema kupitia nyayo za viatu, haulizi tena matatu ya kurudi ni saa ngapi.

Ninachodai ni kitu kimoja. Kijitabu cha mbio huandika jina la farasi, baba yake na mama yake, mwenye farasi, mkufunzi, joki, rangi za shati la joki na kilo atakazobeba. Uingereza viwanja vingi hutoa zawadi ndogo kwa saisi ambaye farasi wake ametunzwa vizuri kuliko wote pedoki. Ni jambo jema, lakini mimi nataka zaidi ya zawadi. Nataka jina la saisi liandikwe pale, chini ya la mkufunzi, katika kila mbio, kuanzia zile fupi za mchana hadi Derby ya mita 2,400. Na mtangazaji alisome kwa sauti, ili mama yake saisi, akiwa Kibera au Kangundo, aambiwe na mtu kwamba kijana wake ametajwa.