Digoksini "inaua saratani"? Tumuulize panya kwanza

Nilipokuwa likizo nyumbani Kifungilo, shangazi alinionyesha ujumbe wa WhatsApp: eti wanasayansi wamethibitisha kuwa dawa ya moyo inaua saratani. Yeye anameza digoksini kwa sababu mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, na ameshaanza kemo ya titi Dar. Akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo niongeze kidonge?"

Hapana, shangazi. Ila ujumbe ule una mizizi kwenye tafiti za kweli, na shida yangu ni jinsi tafiti zenyewe zinavyofanywa.

Digoksini hufunga pampu ya seli inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Ndugu yake wa karibu ni uabaini, sumu ya mti wa Acokanthera ambayo wawindaji wa Kikamba na Waliangulu walipaka kwenye mishale. Seli yoyote ya binadamu ikifungiwa pampu hii vya kutosha hufa, iwe ya saratani au nzima.

Sasa angalia jaribio linalorudiwa sana. Mtafiti anapandikiza uvimbe wa binadamu kwa panya, anampa digoksini, labda na dawa ya kemo juu yake. Uvimbe unasinyaa, panya yuko salama, basi makala inaandika kwamba dawa "inachagua" saratani. Jamani! Pampu ya panya haishikwi kirahisi na dawa hizi. Inahimili dozi mara mia au zaidi ya ile inayofunga pampu yetu. Huku kwetu Afrika Mashariki yupo hata panya mwenye manyoya marefu, Lophiomys, anayetafuna gome la Acokanthera na kujipaka mate yenye sumu ili mbwa wasimguse. Hafi. Kwa hiyo jaribio lile limetofautisha binadamu na panya tu. Wapo panya waliobadilishwa jeni ili pampu yao ihisi dawa kama yetu, na hao ndio wangepaswa kutumika.

Halafu kuna dozi. Kwenye damu ya mgonjwa wa moyo tunalenga nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa mililita, yaani kama nanomola 1. Kwenye sahani za maabara utakuta makumi, hata mamia ya nanomola. Huyo si mgonjwa tena, ni marehemu.

Nikiri kuna ushahidi mmoja unaonivuta. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walipitia mafaili ya wagonjwa wa saratani na kukuta waliotumia digoksini wakati wa kemo waliishi muda mrefu zaidi. Inavutia, lakini hakuna aliyewagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na faili halisemi kila kitu.

Ambacho ujumbe wa WhatsApp haukugusa kabisa ni hiki: kemo ikileta kutapika na kuhara, potasiamu hushuka. Potasiamu na digoksini hugombania pampu ileile, kwa hiyo ikipungua, dozi ya kila siku inaweza kugeuka sumu bila kuongeza hata nusu kidonge. Dalili zake za mwanzo ni kichefuchefu na kukosa hamu ya kula, ambazo kila mtu ataisingizia kemo.

Shangazi ameteremka Mombo kupanda basi la Dar akiwa na karatasi mkobani: majina ya dawa zote, na ombi la kupimwa potasiamu.