Rangi Ije Mwisho: Kazi ya Mpambaji wa Nyumba Chini ya Mlima Hanang

Jorodom iko kwenye miteremko ya Mlima Hanang, volkano iliyozimika yenye urefu wa mita 3,417, jirani na mji wa Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 maji, tope na mawe kutoka mlimani yalishuka hadi Katesh, Gendabi, Jorodom na vijiji vya karibu, yakaua watu zaidi ya 80 na kufuta makazi ya familia nyingi. Baadaye Serikali na wadau walijenga nyumba mpya katika eneo la Waret kwa waliopoteza kwao. Kwa mtu wa eneo hili, kutengeneza nyumba ndani ni jambo zito: ni kuamua upya namna ya kuishi mahali ambapo maji yana nguvu kuliko ukuta.

Ndiyo maana nachambua hapa kazi ya mpambaji wa nyumba kwa kufuata hatua zake, tangu siku ya kwanza hadi makabidhiano. Fedha nyingi za upambaji hazipotei kwa kuchagua rangi mbaya. Hupotea kwa kufanya mambo mazuri kwa mpangilio mbaya, na mpambaji hodari hulipwa hasa kwa sababu anajua kipi kitangulie.

Nani anaitwa?

Kwanza tutenganishe aina tatu za watu. Anayepamba kumbi za harusi kwa vitambaa na maua ana kipaji chake, lakini kazi yake hubomolewa kesho yake asubuhi. Fundi rangi, fundi jipsamu na fundi vigae wanatekeleza, kila mmoja sehemu yake. Mbunifu wa mambo ya ndani, ambaye hapa namwita mpambaji wa nyumba, ndiye anayechora, anayekadiria na anayewapangia mafundi zamu. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kinatoa shahada ya fani hii, na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, ndiyo inayosajili wataalamu wake. Ukiambiwa mtu amesajiliwa, omba namba yake ya usajili uihakiki.

Kumleta mbunifu kutoka Arusha ni safari ya zaidi ya kilomita 200 kupitia Babati, kwa hiyo nauli na malazi yake viandikwe kwenye makubaliano. Familia nyingi huona nafuu kumlipa aje kupima na kuchora, kisha kazi isimamiwe na fundi mkuu wa Katesh au Babati. Huo ni utaratibu mzuri, ilimradi michoro iwe na vipimo. Picha tupu iliyotumwa kwa simu haimwambii fundi swichi ikae urefu gani kutoka sakafuni.

Ziara ya kwanza ni ya maswali

Mpambaji anayefika na katalogi na kuanza kuuza mapazia bado hajaanza kazi. Anayejua kazi huuliza mnaishije. Wageni wa mzee wanapokelewa wapi? Magunia ya mahindi na alizeti yanalala chumba gani baada ya mavuno? Moshi wa jikoni unaelekea wapi? Nani anaamka usiku, na anapita njia ipi?

Maswali haya yana mizizi katika ujenzi wa hapa. Wairaqw walijenga tembe zenye paa bapa la udongo, nyingine zikiwa zimechimbwa ndani ya mteremko, na usiku mifugo ililala humo humo pamoja na watu. Boma la Kidatoga lilikuwa na sehemu za wanawake na za wanaume, na uzio wa miiba ulizunguka yote. Kila pembe ilikuwa na mwenyewe na shughuli yake. Nyumba ya bati na matofali ya kuchoma imebadilisha umbo, lakini mahitaji mengi yamebaki. Sebule ikichorwa bila kufikiria ghala, msimu wa mavuno magunia yatapangwa mbele ya kabati la vyombo.

Unyevu kabla ya urembo

Hatua inayofuata ni kukagua maji. Mpambaji aangalie mifereji ya nje, mwinuko wa sakafu dhidi ya uwanja, na kama msingi uliwekewa tabaka la kuzuia unyevu kupanda. Unga mweupe unaojitokeza chini ya ukuta ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ardhini au ndani ya matofali. Ukiupaka rangi, chumvi hiyo itaisukuma rangi na kuibandua.

Kuna kipimo rahisi. Bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, ufunge kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache saa 24. Ukikuta matone upande wa ukutani, ukuta bado una maji. Lipu mpya ya saruji nayo inahitaji takriban siku 28 kabla ya kupakwa rangi, kwa sababu saruji mbichi ina magadi makali yanayoharibu rangi. Wakati wa mvua na baridi ya Hanang, muda huo huongezeka.

Dari nayo ina siri yake. Usiku bati hupoa sana. Hewa yenye joto na mvuke ikipanda hadi huko hugeuka matone na kuidondokea jipsamu. Madoa ya kahawia yanayolaumiwa kuwa bati linavuja mara nyingine yametokana na hewa kukosa pa kutokea. Matundu ya hewa kwenye kingo za paa yawekwe kabla dari haijafungwa.

Hesabu ya sebule moja

Makadirio mazuri unaweza kuyahakiki mwenyewe. Tuchukue sebule ya mita 4 kwa 5, yenye kuta za mita 3. Mzunguko ni mita 18, hivyo kuta zina mita za mraba 54. Toa milango miwili ya mita 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2, zinabaki takriban 47. Rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10 kwa lita. Mikono miwili ni lita 9 na nusu: galoni tatu za lita 4 zinatosha. Ukiandikiwa ndoo mbili za lita 20 kwa sebule hiyo, uliza zinakwenda wapi.

Sakafu ni mita za mraba 20. Vigae vya sentimita 40 kwa 40 ni 125, na ukiongeza asilimia 10 kwa vitakavyokatwa na kuvunjika unafika 138. Bodi ya jipsamu ya mita 1.2 kwa 2.4 ina mita za mraba 2.88; saba zinafunika dari kwa hesabu ya karatasi, nane kwa hali halisi. Mwenye nyumba anayejua hesabu hizi hahitaji kumshuku fundi wala kumwamini kwa macho yaliyofumbwa.

Nani aingie kwanza

Umeme hutangulia, kwa sababu kutindua ukuta uliokwisha kupakwa ni kulipa mara mbili. Hapo ndipo nafasi za taa, swichi na soketi huamuliwa, na ili ziamuliwe, makochi yawe yameshapangwa kwenye mchoro. Kwa sebule hii taa nne za LED za wati 9 zilizotawanywa zinaangaza vizuri kuliko balbu moja kali ya katikati, na jumla ya wati 36 inaweza kubebwa hata na mfumo wa sola wa wastani.

Kisha inafuata lipu na muda wake wa kukauka, dari, skimu ya ukuta, msasa, praima na mkono wa kwanza wa rangi. Vigae huingia baada ya vumbi la msasa, vikifunikwa maturubai wakati wa mkono wa mwisho. Milango, mapazia na fanicha hufunga kazi. Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: asitokee mtu wa kukausha kuta kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huku watu wakilala humo. Hewa yake huua bila harufu.

Fanicha nayo ni vipimo. Acha njia ya sentimita 90 ya kupita na sentimita 40 hadi 45 kati ya kochi na meza. Pima kochi dhidi ya mlango kabla ya kumlipa seremala. Ukuta unaogusana na jiko au watoto upewe rangi ya silki inayofutika kwa kitambaa chenye maji.

Karatasi na msimu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba, lakini kuyathibitisha ni shida. Andikeni kazi gani, kwa vifaa gani, kwa muda gani na nani ananunua, shahidi awepo. Vifaa vya dukani vitolewe risiti ya EFD, na ndoo ya rangi iwe na alama ya ubora ya TBS. Malipo yafuate hatua zilizokamilika, na sehemu kama asilimia 10 ibaki mpaka kasoro zirekebishwe.

Muda wa kuanza nao uandikwe. Katika wilaya za Hanang na Mbulu fedha za familia nyingi hutokana na mavuno na mifugo inayouzwa mnadani. Kuanzia Juni hadi Oktoba mahindi yanavunwa na kuuzwa, mvua imekatika na kuta zinakauka. Huo ndio msimu wa kumwita mpambaji. Anayemwita Novemba atamlipa kwa mkopo na kupaka ukuta wenye maji.

Siku ya makabidhiano, pitieni chumba kwa chumba mchana, kisha usiku taa zikiwashwa, maana mwanga wa pembeni huonyesha mawimbi ya ukuta. Gonga vigae usikilize vilivyo tupu chini. Dai mchoro wa nyaya, namba za rangi na mabaki ya vigae. Kisha weka miadi ya ukaguzi baada ya masika ya kwanza, iandikwe kwenye mkataba na ifungamane na ile asilimia iliyobaki. Mpambaji anayekubali sharti hilo bila kusita ameshakuonyesha kwamba anaiamini kazi yake, na huyo ndiye wa kumpa nyumba yako.