Tatra 87: Motokaa Iliyoumbwa kwa Upepo

Watu wengi huipima motokaa kwa mbio zake, na wengine kwa bei yake. Ni wachache waitazamao kama tulitazamavyo shairi au jahazi, wakauliza: Je, aliyeiumba alikuwa akitafuta nini, naye alikipata? Yafaa tujaribu kipimo hicho kwa motokaa moja ambayo nje ya nchi yake haikumbukwi ila na wapenzi wachache wa vitu vya kale. Jina lake ni Tatra 87. Iliundwa katika mji mdogo wa Kopřivnice, jimbo la Moravia, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia, tangu mwaka 1936 hata 1950. Na katika miaka yote hiyo zilitoka kiwandani kiasi cha 3,000 tu.

Mtu aionaye picha yake kwa mara ya kwanza hucheka. Mbele ina taa tatu, mfano wa mnyama mwenye macho matatu. Mgongo wake washuka polepole mpaka karibu na ardhi, na katikati ya mgongo huo limesimama pezi refu kama la papa. Mahali tulipozoea kuona kioo cha nyuma pana vibamba vya chuma vyenye nafasi baina yake, hata dereva ageukapo haoni sana kilicho nyuma yake. Lakini anayecheka na angoje kidogo, maana mistari ile haikuchorwa ili ipendeze macho. Ilichorwa kwa hesabu.

Adui wa motokaa iendayo kasi ni upepo. Mwendo ukizidi mara mbili, kani ya upepo huzidi mara nne. Mhandisi Paul Jaray, aliyepata kufanya kazi ya kubuni vyombo vya angani vya Zeppelin, alifundisha kwamba chombo kikate hewa kwa urahisi si lazima kiwe na ncha kali mbele. Lililo kubwa ni namna kinavyoishia nyuma. Mkia ukiwa mrefu na mwembamba, hewa hujifunga tena taratibu bila ya kukivuta chombo. Samaki alilijua jambo hilo zamani.

Hans Ledwinka, mhandisi mkuu wa Tatra, alilishika fundisho hilo pamoja na msaidizi wake Erich Übelacker, na mwaka 1934 wakaionyesha Tatra 77, mama yake 87. Waundaji wengine wa siku zile walikuwa wakiivika mifupa ya zamani kanzu ya mtindo mpya. Ledwinka alibadili mifupa yenyewe. Aliipeleka injini nyuma, kwa hiyo pua ya motokaa ikaweza kuinama, na ule mtaimbo mrefu upelekao nguvu kutoka mbele mpaka magurudumu ya nyuma ukaondoka chini ya miguu ya abiria. Injini ya 87 ilikuwa na silinda nane na ukubwa wa karibu lita 3, nayo ilipozwa kwa hewa, si kwa maji. Nguvu zake zilikuwa za farasi 75 tu. Kwa motokaa kubwa kiasi kile hizo si nguvu za kujivunia. Hata hivyo iliweza kwenda kilomita 160 kwa saa. Tofauti hiyo baina ya nguvu na mbio ndiyo sifa kuu ya Ledwinka, na kwangu mimi ni kazi ya akili iliyo nzuri kuliko injini yoyote kubwa.

Sasa na tuiseme aibu yake. Mfua mishale huweka uzito kwenye ncha na manyoya mkiani, nao mshale huruka sawasawa. Tatra 87 ina uzito mkiani. Tena kila gurudumu la nyuma limefungwa kwenye nusu ya ekseli inayochezea katikati, hata dereva akiingia konani kwa kasi, akashtuka na kuondoa mguu kwenye petroli, mwili wa motokaa huinuka nyuma, magurudumu hujikunja kwa ndani, na mkia hutaka kutangulia. Pezi la mgongoni liliwekwa kusaidia motokaa itulie katika upepo. Ni manyoya ya mshale uliogeuzwa. Husimuliwa kwamba wakati wa vita kuu ya pili maofisa wa Kijerumani walikufa kwa wingi katika Tatra hata wakakatazwa kuziendesha. Kisa hicho ni kitamu mno, nami sikiegemei. Kosa la ekseli latosha lenyewe kuwa shahidi.

Na wapo wanaosema kwamba Volkswagen, ile iliyoshinda mashindano ya Safari ya kwetu miaka ya 1954, 1957 na 1962, iliibwa kutoka kwa Ledwinka. Ni kweli kwamba Tatra ilidai haki zake kabla ya vita, na kwamba madai hayo yalinyamazishwa Wajerumani walipoiteka nchi. Tena katika miaka ya sitini Volkswagen ililipa fedha kuyamaliza. Lakini injini ya nyuma na kupoza kwa hewa yalikuwa mawazo ya wahandisi wengi wa wakati ule. Naye Ledwinka alikuwa na msiba ulio mzito kuliko huo: baada ya vita alifungwa katika nchi aliyoifanyia kazi, akashtakiwa kuwatumikia adui, asitoke mpaka 1951.

Motokaa yake ilipata kufika Afrika. Mwaka 1947 vijana wawili wa Kicheki, Jiří Hanzelka na Miroslav Zikmund, waliondoka Prague kwa Tatra 87, wakavuka bara hili toka kaskazini mpaka kusini, wakipitia Kenya, kisha wakaenda Amerika ya Kusini, wasirudi kwao ila mwaka 1950. Katika jua la majangwa, injini isiyohitaji maji ilikuwa neema. Vitabu vyao vilisomwa nyumba kwa nyumba huko kwao, hata baada ya mwaka 1968 serikali ilipowazuia kuchapisha. Wako wasomaji wanaoichukua safari hiyo kuwa hati ya kuisafisha motokaa na makosa yake yote. Sikubaliani nao. Madereva wale walikuwa makini, na barabara nyingi walizopita hazikuruhusu mwendo wa kuuzindua ule mkia.

Motokaa hiyo ya safari imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Ufundi mjini Prague. Atakayejaliwa kufika huko asiishie mbele kwenye macho matatu. Azunguke nyuma, asimame penye vibamba vile vya chuma, akadirie uzito uliofichwa chini yake.